Mtu nisiyemjua alijua jina la mwanangu, shule yake na ugonjwa wake

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa sijalala vizuri, hii ni wiki ya pili sasa. Nina mtoto wa kiume wa miaka 9. Ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Tuligundua akiwa na mwaka mmoja na nusu, na siku zile za mwanzo nilikuwa kama mtu aliyetupwa baharini usiku. Katika ukoo wetu hakuna aliyekuwa anaujua ugonjwa huo. Daktari tulikuwa tunamwona dakika kumi, kisha tunarudi nyumbani na maswali yetu.

Walioniokoa ni wazazi wenzangu. Mama mmoja aliniingiza kwenye kundi la simu la wazazi wa watoto wenye selimundu, tuko zaidi ya mia nane. Humo ndimo nilimojifunza kupapasa bandama chini ya mbavu za kushoto. Usiku mmoja, saa nane, mtoto alipanda homa, kipimajoto kikasoma 38.7. Nikaandika kwenye kundi: nimpe dawa ya homa tusubiri kupambazuke? Hazikupita dakika tatu, mama ambaye sijawahi kumwona akanijibu: "Usisubiri. Homa kwa mtoto wa selimundu ni hospitali sasa hivi." Tukaenda. Daktari wa zamu alituambia maambukizi yalikuwa yameshaingia kwenye damu, na kwamba tulifika kwa wakati.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Wiki mbili zilizopita, saa nne asubuhi, nilipigiwa simu na namba ngeni. Sauti ya mtu mzima, tulivu kabisa. Alimtaja mwanangu kwa majina yake yote mawili. Akamtaja na mwalimu wake wa darasa. Akasema mtoto ameanguka kwenye ngazi, wako naye hospitali, na "kwa hali yake ya selimundu" anahitaji kuongezewa damu haraka, lakini hawataanza bila malipo. Nilituma pesa mikono ikitetemeka. Akapiga tena, haitoshi. Nikatuma tena. Ndipo nikapata akili ya kumpigia mwalimu. Mwalimu akaniambia mtoto yuko mbele yake, anafanya hesabu.

Usiku ule mimi na baba yake tulikaa tukapekua simu. Picha yangu ya profaili: mtoto na sare mpya, nembo ya shule kifuani. Ukurasa wangu: picha za siku yake ya kuzaliwa, majina kamili, wazi kwa kila mtu. Chini yake mzazi mwenzangu ameandika hongera kwa mwalimu wa darasa, kwa jina. Ukurasa wa wifi yangu: watoto wote wa ukoo, kila sherehe, kila likizo, kila mmoja na jina lake.

Baba yake amesema tufunge kila kitu, hata kundi. Amesema nimemuuza mtoto kwa mikono yangu mwenyewe, na neno hilo limenikaa kooni. Lakini Shangazi, dada zangu wako mbali, huyu mtoto wamemwona akikua kwa picha tu. Na usiku wa homa nitamwuliza nani? Nikifunga napotea, nisipofunga silali. Na wifi nitamwambiaje bila kuvunja undugu? Mtoto anampenda sana.

Mama Njia Panda

* * *

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila nikifika pale mwalimu anaposema mtoto anafanya hesabu, nashusha pumzi pamoja na wewe.

Neno la kuuza lifutwe kwanza. Aliyekaa akakusanya, akapanga maneno, akachagua saa ambayo mtoto yuko darasani na wewe humwoni, huyo ndiye mkosaji. Mama anayesikia mwanawe anahitaji damu hakai kuchunguza namba. Mwambie hivyo na baba yake, kwa upole, maana naye ameogopa na hofu yake imetoka kwa sura ya ukali.

Tuitazame njia yenyewe, kwa sababu ukiiona utajua mlango upi wa kufunga. Kwenye kundi kama lenu, namba ya kila mmoja inaonekana na wote mia nane. Mtu mmoja akiingia kwa nia mbaya, au simu ya mmoja wenu ikiangukia mikononi mwa mwizi, anayo orodha: namba mia nane za watu ambao anajua tayari kwamba watoto wao ni wagonjwa. Anaihifadhi namba yako, picha yako ya profaili inamtokea. Kwenye picha kuna nembo, amepata shule. Jina lako analipeleka kwenye mtandao mwingine, anakuta ukurasa wako uko wazi, anapata siku ya kuzaliwa na majina ya mtoto. Anashuka kwenye komenti, anampata mwalimu. Hakuvunja nywila ya mtu. Ni kazi ya robo saa kwa mtu aliyekaa kitini.

Angalia vizuri: katika vipande vile hakuna hata kimoja kilichokuwa kibaya peke yake. Sare si siri, shule nzima inaivaa. Hongera kwa mwalimu ni jambo jema. Madhara yalizaliwa vipande vilipokutanishwa. Hili watu walilihisi zamani. Septemba 2006 Facebook ilianza kumletea kila mtumiaji habari za marafiki zake zikiwa zimepangwa mahali pamoja, wakati awali ilibidi uende kwenye ukurasa wa kila mmoja. Hakuna kilichokuwa kimefichwa kikafichuliwa, yote yalikuwa yanaonekana tangu mwanzo, lakini watumiaji wengi mno walipiga kelele kwamba wameanikwa. Walikuwa na haki. Jambo lililotawanyika kwenye vyumba ishirini na jambo lililorundikwa mezani si jambo moja.

Sasa nikuulize. Yule mama wa saa nane za usiku alihitaji kujua nini ili akusaidie? Ugonjwa wa mtoto, umri labda, na joto lililosoma kwenye kipimajoto. Basi. Hakuhitaji jina lake. Hakuhitaji shule, wala sura, wala kujua wewe ni nani. Na yule mwizi alihitaji nini? Jina, shule, mwalimu, namba, pamoja na ugonjwa. Yaliyookoa maisha na yaliyokuibia pesa yanagusana mahali pamoja tu, kwenye ugonjwa, na ugonjwa bila jina haumfikishi mtu mlangoni kwako. Wewe na baba yake mnabishana kama vile faida na hatari vimefungwa kamba moja, kwamba ukitaka hiki lazima umeze na kile. Vinaweza kufunguliwa.

Kwa hiyo siko na baba yake katika kufunga kundi. Nina sababu. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alionyesha kwamba watu waliopata kazi kupitia mtu, mara nyingi mtu huyo hakuwa ndugu wala rafiki wa karibu. Alikuwa mtu wanayefahamiana naye kwa mbali. Walio karibu nasi wanajua tunayoyajua sisi. Jambo jipya hutoka nje ya duara letu. Wewe mwenyewe umesema hakuna katika ukoo wako aliyeujua ugonjwa huu. Ungemwuliza nani saa nane, kama si mgeni? Msaada wa namna hii mtandao unauleta kweli, na mtu asikudharau kwa kuuthamini.

Ila ubaki humo kwa sura nyingine. Kama mnaweza, tumia namba ya pili kwa ajili ya kundi peke yake. Pale kwenye jina weka "Mama" na herufi moja, na picha iwe ya ua au ukuta. Kwenye mipangilio ya faragha, picha ya profaili ionekane na watu uliowahifadhi wewe tu. Ongea na wasimamizi wa kundi pia. Ziko huduma ambazo wanakundi hawalazimiki kuonyeshana namba: Telegram inaruhusu kuificha, na Signal tangu 2024 inakuruhusu kuanza mazungumzo kwa jina la kutumia badala ya namba. Makundi ya Facebook nayo yana nafasi ya kuuliza swali bila jina kuonekana, ingawa wasimamizi na kampuni yenyewe bado wanakuona, usisahau hilo. Watu mia nane wenye watoto wagonjwa hawapaswi kuwa orodha ya simu ya mtu yeyote anayepenya mlangoni.

Na waambie yaliyokupata. Najua aibu inakuzuia. Lakini mtu yule kama alikupata kupitia kundi, kesho atampigia mwingine, na huyo mwingine anaweza asiwe na pesa za kutuma, akakopa. Andika mistari mitano: alisema hivi, akanitajia mwalimu, nikatuma, mtoto alikuwa darasani. Namba yake ipeleke polisi na kwa kampuni ya simu hata kama unahisi haitasaidia, maana malalamiko kumi juu ya namba moja yana uzito kuliko moja.

Baba yake ana hoja moja ambayo lazima uipokee: kuna mambo ya mtoto yaliyokwisha kwenda. Ila kufunga akaunti leo hakuyarudishi. Ukifuta akaunti ya Facebook wanakupa siku 30 za kubadili mawazo, kisha kuondoa kila kitu kwenye mitambo yao kunaweza kuchukua hadi siku 90, na hata baada ya hapo picha alizohifadhi mtu mwingine, skrinshoti, na zile zilizo kwenye ukurasa wa wifi yako zinabaki zilipo. Kufunga kunazuia ya kesho. Ya jana yanataka kazi ya mikono: picha moja moja, ukurasa mmoja mmoja.

Yako pia yasiyozuiwa na mpangilio wowote wa kuficha picha. Mipangilio ya faragha inakuficha kwa jirani, haikufichi kwa mwenye mtandao. Ujumbe wa WhatsApp tangu 2016 hufungwa kwa namna ambayo kampuni yenyewe haiwezi kuusoma ukiwa njiani, ni kweli, lakini inajua unawasiliana na nani na saa ngapi. Kwenye mitandao ya wazi hata laiki inasema. Mwaka 2013 watafiti wa Cambridge walitumia laiki za watu zaidi ya 58,000 waliojitolea, wakaonyesha kwamba laiki peke yake zinatosha kukisia dini ya mtu na mwelekeo wake wa kisiasa, na mara nyingi wanapatia. Ukipenda kila ukurasa wa selimundu, kampuni inajua kuna mgonjwa nyumbani kwako, ujumbe wako hata usiposomwa. Kwa hilo, soma bila kulaiki, kataa programu inapoomba kuchukua orodha ya namba zilizo kwenye simu yako, na zima matangazo yanayofuata nyendo zako pale inaporuhusiwa. Yanayobaki utayabeba kama sisi wote. Siwezi kukudanganya kwamba yanaisha.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nisome barua yako mara ya tatu. Umeniandikia kuhusu usingizi wako, ndoa yako, dada zako, wifi yako. Mtoto mwenyewe umemtaja kama mtu wa kulindwa tu. Ana miaka 9, mwanangu. Anasoma. Muda si mrefu atakuwa na simu, na rafiki yake mmoja atalitafuta jina lake, na kitu cha kwanza kitakachotokea ni kwamba ana selimundu. Kesho kutwa atatafuta kazi. Ataposa. Nani amwambie mchumba habari hiyo, yeye au ukurasa wa mama yake? Ugonjwa ule mmeubeba pamoja, na usiku wa kutolala ulikuwa wako, kwa hiyo una haki ya kulia na kuuliza. Lakini jina lililobandikwa juu ya ugonjwa ni lake, na yeye hakuulizwa. Sisemi kukuumiza. Wazazi wengi wanaoposti kwa upendo hawajawahi kufikiri kwamba kuna mtu mdogo ndani ya picha ambaye atakua.

Kaa naye. Mfungulie picha zako zote, pitieni moja baada ya nyingine, yeye akiwa ameshika simu. Mwulize: hii tuiache? Utashangaa. Watoto hawatoi majibu tunayoyategemea. Anaweza kuiacha ile uliyodhani itamwaibisha, akaiondoa ile ya kitandani hospitalini uliyoiona ni ya ushujaa. Anachokiondoa kiondoke hapo hapo, mbele ya macho yake, bila mjadala.

Dada zako walio mbali wasinyimwe. Watumie picha wao wenyewe, kwenye kundi dogo la ndugu, watu sita au saba unaowajua kwa sauti. Tuma kama picha ya kawaida, usitume kama faili, kwa sababu faili huenda na taarifa zote ilizobeba, pamoja na mahali ilipopigwa kama simu ilikuwa inarekodi. Umesema wamemwona akikua kwa picha, na hilo litaendelea. Watakaokosa ni wale wengine wa kwenye ukurasa wako ambao hata siku yake ya kuzaliwa huwa wanaandika "hongera" bila kusoma jina.

Wifi yako ndiye mzito, naelewa. Hapa kuna kisa cha kumsimulia. Mwaka 2018 dunia ilikuja kujua kwamba taarifa za watumiaji wa Facebook zilifika kwa kampuni ya siasa iliyoitwa Cambridge Analytica. Waliojibu maswali ya programu iliyokusanya taarifa hizo na kuikubalia walikuwa kama laki tatu tu. Lakini Facebook yenyewe ilikadiria kwamba walioguswa wanaweza kufika milioni 87, kwa sababu programu ilichota na taarifa za marafiki wa hao laki tatu. Mamilioni hao hawakubonyeza kitu. Walikuwa marafiki tu wa mtu aliyebonyeza. Mwaka uliofuata Facebook ilitozwa faini ya dola bilioni 5 huko Marekani, lakini taarifa zilikuwa zimeshatoka. Wewe unaweza kufunga kila dirisha, na mtoto bado akaonekana kupitia dirisha la shangazi yake.

Usimwandikie. Maandishi husomwa kwa sauti ya msomaji, si ya mwandishi. Nenda umwone, au umpigie akiwa ametulia, na usianze na picha zake, anza na simu ya yule mtu. Msimulie yote mpaka pale mwalimu aliposema mtoto anafanya hesabu. Kisha useme: "Wifi, sijaja kukulaumu, picha yangu mwenyewe ndiyo iliyoonyesha shule. Nimeanza kuondoa zangu. Naomba unisaidie kwa zako." Aliyesikia kisa hicho na anampenda mtoto atachukua simu kabla hujamaliza. Mwombe mambo mawili tu: jina la mtoto lisiandikwe, na sare isionekane. Sherehe aziposti apendavyo, watoto wakiwa kwa mbali au wamegeuka. Ukimwomba mengi atahisi umemfungia mlango wa ukoo. Na kama atakasirika, baba yake mtoto ndiye aongee na dada yake, zamu hiyo iwe yake.

Kuhusu simu nyingine itakayokuja, maana inaweza kuja. Mkubaliane watu wanne, wewe, baba yake, mwalimu na mtoto, neno moja la kawaida ambalo halijawahi kuandikwa popote. Anayepiga kuhusu mtoto alitaje. Asipolitaja, kata simu, umpigie mwalimu kwa namba uliyonayo wewe tangu zamani, usiitumie atakayokupa mpigaji. Tapeli atakuambia ukikata mtoto atachelewa kutibiwa. Hapo ndipo ukate. Washa na uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti zako, yaani namba ya siri ya ziada anayoulizwa anayetaka kuingia, ili mwingine asije akaingia akaandika kwa jina lako kwenye kundi lile lile la wazazi, akiomba pesa.

Leo kabla hujalala, badilisha ile picha ya profaili yenye sare. Ni dakika moja. Ile ya siku ya kuzaliwa iache mpaka ukae naye, uifiche tu isionekane na watu kwa sasa. Ukishaongea na wifi niandikie, nataka kujua alisemaje.

Shangazi